Mzinga ni Mbwa wa Nani

Biasha binti Mbwana aling'atwa asubuhi, ana mzigo wa kuni kichwani, kwenye ile njia inayopita nyuma ya shamba la Abdurahman kule Gazi. Mbwa hakubweka. Hilo ndilo lililowashangaza watu, maana Mzinga alikuwa mbwa wa kelele. Akimwona mtu bado yuko mbali huanza kupiga mdomo mpaka mtu mwenyewe aamue kugeuza njia. Siku hiyo alitoka majanini kimya kimya, akamkamata shavu la mguu, akang'ang'ania. Kuni zikamwagika, Biasha akapiga ukelele, na Kahindi, aliyejenga pembeni mwa shamba hilo, akatoka mbio na mpini wa jembe, akamtandika mbwa mpaka akaachia.

Haya. Mpaka hapo mambo hayana utata. Mbwa kauma, mtu kaumwa, damu inatoka. Utata ulianza pale Mbwana, baba yake Biasha, alipofika anahema na panga mkononi, akauliza:

"Mbwa huyu ni wa nani?"

Kahindi akamtazama Abdurahman. Abdurahman naye akamtazama Kahindi. Wakatazamana hivyo, wanaume wawili wazima, na binti wa watu yuko chini anavuja damu!

Asili ya yote ni nguruwe mwitu. Muhogo wa Abdurahman ulikuwa ukiliwa na nguruwe kuliko ulivyoliwa na wanawe. Alijenga dungu, akalala juu yake akipiga debe mpaka mikono ikamfa ganzi; nguruwe wakazoea debe. Akatega mtego, nguruwe akanasa, ikawa balaa jingine, kwani nani atamgusa? Abdurahman ndiye aliyekuwa akiadhini pale msikitini. Ikabidi amwite Kahindi, yule Mgiriama aliyekuja Ramisi kukata miwa, akachoka na miwa, akaomba pembe ya shamba ajenge yeye na mkewe Kadzo. Kahindi alimwondoa nguruwe huku anacheka, na Kadzo akapata kitoweo.

Basi ikatokea kwamba msimamizi mmoja wa Kizungu upande wa Ramisi anarudi kwao Ulaya, na mbwa wake kazaa. Mama alikuwa wa aina ile ya mbwa wa Kizungu wenye kichwa kama cha ndama na taya za kuvunjia nazi. Baba alikuwa mpita njia. Mpishi wa yule Mzungu akamwambia Abdurahman, chukua mmoja, bure, nguruwe hutawaona tena. Abdurahman akamchukua, kamtia kwenye pakacha, pakacha kalining'iniza kwenye baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kanzu isiguse.

Mwanaima, mkewe, alimngojea mlangoni.

"Baba Chande, hicho ni nini?"

"Mlinzi wa shamba. Mbwa wa shamba karuhusiwa, hata vitabuni imo."

"Vitabuni shambani, si uani kwangu. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Akivuka kizingiti hiki yeye, mimi natoka na mkeka wangu."

Abdurahman akafikiri, akaja na ujanja wake. Tena ujanja wenyewe aliuona ni mkubwa, mpaka akawaita mashahidi: Boga, mzee wa mtaa, na huyu huyu Mbwana. Akamsimamisha Kahindi mbele yao, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba: "Shuhudieni. Mbwa huyu nimempa Kahindi, hiba isiyo na marejeo. Sina changu kwake." Akawakonyeza wazee. Wazee wakacheka mpaka Boga akashika mbavu. Kahindi akampokea mtoto wa mbwa kwa mikono miwili, akasema, "Nimepokea, mzee. Ahsante sana," akampa jina hapo hapo, Mzinga.

Na kazi akaifanya, asinyimwe haki yake. Nguruwe walihama. Muhogo ukawa muhogo. Abdurahman akikaa barazani na kahawa yake husema, "Mbwa wangu jana kamkimbiza dume la nguruwe mpaka mikokoni." Akitaniwa, "Mbwa wako, sheikh?" husema, "Wa Kahindi, wa Kahindi." Muhogo ukisifiwa, mbwa alikuwa wa Abdurahman. Kuku wa jirani akiliwa, mbwa alikuwa wa Kahindi. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Na hiyo ndiyo hali waliyoishi nayo, kila mtu kastarehe, mpaka asubuhi hiyo ya Biasha.

Mguu ulifungwa kwa kipande cha kanga, Mzinga akafungwa kwa kamba kwenye shina la mnazi, na watu wakajaa kwa Boga. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari kule bara, serikali haina mchezo, na Boga hakutaka neno lifike kwa chifu kabla yeye hajajua la kumjibu.

"Tuanze na mwenye mbwa," akasema.

"Mwenye mbwa ni huyo," akasema Mbwana, akimwonyesha Abdurahman kwa kidevu. "Nguruwe walikuwa wakila muhogo wa nani?"

"Nilimpa Kahindi! Na wewe ulikuwa shahidi, Mbwana!"

"Mimi nilishuhudia kicheko. Hiba sikuiona."

Hapo kila mtu akawa mwanachuoni. Mmoja akasema mbwa ni wa anayemlisha. Mwingine akasema mbwa ni wa mwenye shamba analolilinda, kwani shoka ni la nani, la anayelinoa au la mwenye kuni? Wa tatu akasema ninyi nyote mmepotea, kosa ni la damu, aina hiyo ya mbwa huzaliwa kali, hata ukimlea kwa maziwa. Basi mwenye kosa ni yule Mzungu. Akaulizwa, "Utamshitaki vipi, naye yuko Ulaya?" Akasema hilo si lake, yeye kasema haki tu. Mama mmoja kutoka nyuma akasema damu haina kosa, mbwa ni malezi, na mbwa aliyelelewa na watu wawili wanaosukumiana hana malezi. Akaambiwa anyamaze. Lo, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote!

Boga akajikuna ndevu. Alikuwa amechanganyikiwa na haoni haya kusema. "Mimi sielewi. Kila anayesema namwona kasema kweli. Abdurahman, utaapa?"

Abdurahman akasimama. Aliyatafuta maneno yake, akayaona yako pale pale alipoyaacha: mashahidi, hiba, nimepokea. Kila neno lilikuwa la kweli. Akasema, "Wallahi, mbwa si wangu." Akaketi upesi.

Kahindi naye akasimama, hakungoja kuulizwa. "Mbwa ni wangu. Mguu wa Biasha uko juu yangu. Nitampeleka hospitali, na mtakaloniamulia baada ya hapo nitalisikia."

Watu wakaguna. Waliamua upesi, kama watu waliopata mtelemko: Kahindi ampeleke binti Msambweni, mbwa abaki amefungwa mpaka hospitali iseme, kisha auawe, na Kahindi na Kadzo wafungashe, wahame Gazi. Hilo la kuhama lilitoka kwa Mbwana, na hakuna aliyelipinga. Lori la kupakia mbata lilikuwa likienda kusini, wakapakiwa Biasha, Mbwana na Kahindi.

Abdurahman alipaswa kufurahi. Kiapo chake kimekubaliwa, jina lake limesalimika, jioni ataadhini kama kawaida. Alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Kwa nini Kahindi kakubali? Mtu hukubali mzigo usio wake? Au anajua ni wake? Kama ni wake, basi kiapo ni cha kweli, na kama kiapo ni cha kweli, moyo unamdunda wa nini?

Mwanaima alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Nasikia umeapa."

"Nimeapa."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli. Nadhani."

"Kiapo hakina nadhani, Baba Chande."

Akatoka bila kula. Miguu ikampeleka kwa Mzinga, pale mnazini. Kadzo alikuwa amekaa mbali kidogo, magunia mawili ameshaanza kuyafunga, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vipi mbwa?"

"Hata mimi simwelewi. Tangu afungwe hali. Nimemwekea maji, kayatazama akarudi nyuma. Nilidhani ana hasira ya kufungwa."

Mzinga alikuwa akiuguguna mnazi. Si kamba, mnazi wenyewe, na ute mrefu unamning'inia mdomoni. Alimwangalia Abdurahman bila kutikisa mkia, na Abdurahman akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu alishawahi kuuona ute ule.

Mwezi uliopita Kahindi na Kadzo walikwenda Kaloleni kwenye matanga ya ami yake Kahindi, wakakawia huko majuma mawili. Abdurahman akabaki akimlisha mbwa mwenyewe, kwa upawa wenye mpini mrefu, amesimama mbali. Alfajiri moja, anatoka msikitini, alikuta vurugu kwenye ua wa shamba: mbwa koko asiyemjua, mwembamba, anayumba kama mlevi, mate yanamtoka, amemrukia Mzinga shingoni. Abdurahman alimpiga mawe mpaka akatokomea. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo asingeweza kulieleza. Mzinga alikuja akalala miguuni pake, anatetemeka, shingo imechanika. Naye akasahau kanzu, akasahau vitabu, akachota maji, akamwosha jeraha kwa mkono wake, akalitia jivu, huku akimwambia pole, pole bwana, yamekwisha. Baadaye akajitwahirisha mara saba, moja kwa udongo kama ilivyoamriwa, akabadili kanzu. Hakumwambia Mwanaima. Kahindi aliporudi jeraha limeshafunga, manyoya yamelificha, na hakumwambia pia. Aliona haya. Angemwambia nini? Kwamba yeye, mwadhini, alimbembeleza mbwa? Neno likapita, likazikwa.

Sasa likafufuka lote kwa mara moja, na Abdurahman akapanda baiskeli.

Barabara ya Msambweni siku ile ilikuwa ndefu, na kichwani mwake kulikuwa na watu wawili wanagombana. Mmoja anasema: ukisema ulimwosha jeraha, umesema mbwa ni wako, na umeapa si wako, tena asubuhi hii hii mbele ya watu. Wa pili anasema: huna haja ya kusema lolote, Kahindi yuko pale, mwenye mbwa ni yeye, ataulizwa na atajibu. Wa kwanza akasema: atajibu nini, naye hajui? Abdurahman alishindwa kujua kati yao ni yupi aliyekuwa akimtetea.

Aliwakuta kwenye veranda ya hospitali. Dresa wa kufunga vidonda, kijana mmoja mpole aitwaye Rai, alikuwa ameuosha mguu wa Biasha kwa sabuni mpaka binti kachoka kulia, na sasa anauliza maswali.

"Mwenye mbwa ni nani?"

"Mimi," akasema Kahindi.

"Mbwa wako amepata kuumwa na mbwa mwingine karibuni, au mnyama wa porini? Ana jeraha lolote?"

"Hana. Namlisha mimi, namjua mwili wake wote. Hana hata mkwaruzo. Mkali ni mkali, ni aina yake. Pengine binti alimshtua."

Wala hakusema uongo. Alisema yote anayoyajua.

Rai akamgeukia Mbwana. "Mzee, nikueleze. Ziko sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Hupigwa tumboni, siku baada ya siku, na zina maumivu. Hapa hazipo, itabidi daktari aziagize Mombasa. Hatumpi mtu bila sababu. Kama mbwa ni mkali tu, na mwenyewe anasema ni mzima, tutatibu kidonda, mwende nyumbani, mbwa aangaliwe."

"Na kama ni kichaa?" akauliza Mbwana.

"Kikishamwingia mtu mwilini, mzee, hakuna dawa. Ndiyo maana nauliza sasa."

Biasha akadakia upesi, "Mimi sitaki sindano ya tumbo. Baba, twende nyumbani." Mbwana akakubali kwa kichwa, naye amechoka, na lori la kuwarudisha halingoji mtu. Rai akaanza kukunja kitambaa chake. Kila mtu pale alikuwa ameridhika. Hakuna aliyemwuliza Abdurahman kitu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika baiskeli, jasho linamtiririka, na lau angenyamaza wote wangekwenda zao. Alimtazama Biasha, aliyekuwa akijaribu kukanyagia ule mguu na kucheka kidogo kwa sababu haumzuii sana.

"Aliumwa," akasema.

Wakageuka.

"Mbwa aliumwa. Mwezi uliopita. Na mbwa koko, anayumba, mate yanamtoka. Kahindi alikuwa Kaloleni. Nilikuwepo mimi. Na leo Mzinga hali, hanywi, anauguguna mnazi."

Rai akaweka kitambaa chini. "Wewe ni nani kwa mbwa huyo, mzee?"

Abdurahman akaegemeza baiskeli ukutani. "Sijui, mwanangu. Wallahi sijui. Lakini jeraha niliosha mimi."

"Kwa mkono mtupu?"

"Kwa mkono huu."

Rai akaushika mkono, akaugeuza. "Ulikuwa na kidonda siku hiyo?"

Alikuwa nacho. Siku moja kabla alikuwa akifua nazi, kifuo kikamchana kiganja. Alipolisema hilo, Rai akasema kwa upole kwamba atamwambia daktari waagize za watu wawili.

Mbwana ndiye aliyelipuka. "Ukaapa! Asubuhi hii, mbele yangu, ukaapa! Mwanangu angekufa kwa kiapo chako!" Alimshika kanzu kifuani, akamtikisa, na Abdurahman akajiachia atikiswe, kwa sababu aliona kila neno la Mbwana ni haki, na papo hapo akaona na kiapo kilikuwa kweli, na vitu hivyo viwili vilikataa kukaa pamoja kichwani. Biasha akaanza kulia upya. Rai akawatenganisha, akamwingiza binti na baba yake ndani, akasema daktari anakuja, na mbwa akiuawa kichwa chake kiletwe kupimwa.

Wakabaki Abdurahman na Kahindi. Kahindi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa veranda, ameinamisha kichwa. Abdurahman akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi pumzi inashuka. Angalau hili moja lilikuwa wazi.

"Kahindi, mwanangu. Nimekutua mzigo. Nitakwenda kwa Boga niseme mbwa alikuwa wangu, tangu mwanzo. Hamhami. Mwambie Kadzo afungue magunia."

Kahindi akauliza akiwa bado ameinama.

"Mzee, kwani ulinipa au hukunipa?"

"Nilikupa… Ulikuwa ujanja tu, Kahindi. Kwa ajili ya Mwanaima. Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua." Akainua uso, na Abdurahman akaona kwamba mtu huyu amelia. "Tangu nimekuja pwani hii hakuna aliyenipa kitu. Shamba ni lako, nyumba iko juu ya ardhi yako, miwa ilikuwa ya Wazungu. Ulinipa mbwa mbele ya wazee, nikasema nimepokea. Nilikuwa nikiwaambia watu kwetu, mimi nina mbwa. Ndiyo maana nilisimama kwa Boga. Sikukubeba wewe. Nilisimamia changu."



"Na mbwa akiumwa na mwenye mate," akaendelea Kahindi, sauti yake haikupanda hata kidogo, "kwetu hata mtoto anajua la kufanya. Hufungwa siku ile ile, na akibadilika anauawa kabla hajamfikia mtu. Ungeniambia tu, mzee. Nilipotoka Kaloleni ulikuja kunipa mkono wa pole. Ulikaa kwangu, ukanywa maji. Ungeniambia tu."

Abdurahman alitaka kusema kwamba hakumwambia kwa kuwa aliona mbwa ni wake, na mtu haulizwi habari za chake. Kisha akakumbuka aliapa si wake. Akataka kusema kinyume chake. Na hicho kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kama mbwa alikuwa wa Kahindi, basi alimficha mwenye mali habari ya mali yake, na Biasha yuko ndani anangoja sindano. Alizunguka huku na huku kwenye hayo mawili, kila mlango alioufungua ulimrudisha pale pale.

Kahindi akasimama, akajifuta uso kwa kiganja. "Dresa amesema wanakitaka kichwa chake, kipelekwe kupimwa. Niazime baiskeli, mzee. Nataka kufika kabla watu wa Gazi hawajamwendea na mapanga. Nitamuua mwenyewe. Ni mbwa wangu."

Abdurahman akamwachia baiskeli. Ndani, dresa alikuwa akimwita Abdurahman kwa jina, naye alikuwa bado anamtazama Kahindi akiishia barabarani.